Sauti ya Eliza: Ubora na Udhaifu wa Filamu ya My Fair Lady

Filamu ya My Fair Lady (1964), iliyoongozwa na George Cukor na kutunukiwa tuzo 8 za Oscar, huhesabiwa miongoni mwa filamu nyepesi za mapenzi. Hata hivyo, wepesi wake umebeba suala zito la isimujamii. Profesa Henry Higgins, mwanafonetiki, anawekeana dau na Kanali Pickering kwamba katika miezi 6 atamfanya Eliza Doolittle, muuza maua wa London, aonekane mwanamke wa tabaka la juu kwa kumrekebisha usemi. Makala haya yanadai kwamba filamu inafaulu inapolifuata suala hilo kwa kicheko, na inashindwa inapolifunga kwa mapenzi.

Ubora wake mkuu ni kwamba ucheshi unazaliwa na lugha yenyewe. Tukio la mbio za farasi za Ascot ni ushahidi. Higgins amemwekea Eliza mipaka: azungumzie hali ya hewa na afya tu. Eliza anatii. Kwa irabu safi kabisa, anasimulia jinsi shangazi yake alivyodhaniwa kufa kwa mafua, ilhali yeye anashuku kuwa aliuawa kwa sababu ya kofia. Mada ni afya na matamshi hayana kasoro, lakini mazungumzo yamevunjika. Kwa tukio moja, filamu inabainisha kwamba umilisi wa matamshi si umilisi wa mawasiliano.

Aidha, katika dhifa ya ubalozi, mtaalamu Zoltan Karpathy anaamua kwamba Eliza ni Mhungari wa ukoo wa kifalme, kwa kuwa Kiingereza chake ni kizuri mno kuwa cha Mwingereza. Kejeli hii ni kali: usanifu uliokamilika hauna mzawa. Kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa 1928, hoja hiyo si ngeni.

Udhaifu unajitokeza mwishoni. Eliza amekwisha kumweleza mama yake Higgins kwamba tofauti ya bibi wa heshima na muuza maua imo katika namna anavyotendewa. Baada ya hoja hiyo, anarudi kwa Higgins, naye Higgins anauliza ziliko ndara zake. Huenda ikatetewa kwamba utanzu unadai wapendanao wakutane. Utetezi huo hautoshi. George Bernard Shaw, ambaye tamthilia yake Pygmalion ndiyo chanzo cha filamu, alikataa waziwazi muungano huo katika maelezo ya baadaye, akamwoza Eliza kwa Freddy. Tena, utanzu ungetoshelezwa iwapo Higgins naye angebadilika. Uigizaji wa Rex Harrison unampa upweke unaogusa, lakini upweke si mabadiliko. Anayedaiwa kujifunza ni Eliza peke yake.

Kuna kasoro nyingine iliyo nje ya hadithi. Sehemu kubwa ya nyimbo za Eliza iliimbwa na Marni Nixon, huku kinywa tunachokiona kikiwa cha Audrey Hepburn. Filamu inayohoji kubadilishwa kwa sauti ya mwanamke ilibadilisha sauti ya mwigizaji wake.

Kwa hiyo, filamu hii inastahili nafasi katika darasa la fonetiki, mradi mwalimu asiishie kwenye mazoezi ya irabu. Wanafunzi waulizwe pia: Eliza alipopata usemi mpya, nani alijifunza kumsikiliza?