Nausicaä: Binti Aliyeuchunguza Msitu wa Sumu

Hadithi nyingi za njozi humpa binti anayekua njia mbili tu: aolewe na mwana wa mfalme, au ashike upanga apigane kama kaka zake. Hayao Miyazaki alimpa Nausicaä njia ya tatu, utafiti, katika riwaya ya picha aliyoanza kuichapisha mwaka 1982 na filamu iliyotoka Japani mwaka 1984.

Katika filamu, tupo miaka 1,000 baada ya vita vilivyoteketeza ustaarabu. Msitu wa kuvu unaotoa hewa ya sumu unameza nchi, ukilindwa na wadudu wakubwa kama nyumba, waitwao ohmu. Kwa muda mrefu Miyazaki anatuachia tuuone msitu kama wanavyouona wanakijiji, yaani adui. Kisha mzee Yupa anashuka ngazi za ngome na kumkuta Nausicaä, binti mfalme wa miaka 16, katika chumba cha siri kilichojaa mimea ya msitu ule ule. Imestawi, na haitoi sumu. Ameiotesha kwa maji na mchanga wa kisima kirefu, akitafuta dawa ya maradhi ya baba yake. Kumbe mmea hauna kosa. Kilichooza ni udongo, na walioutia sumu ni binadamu. Lakini vita vimeshaingia katika bonde lao na baba yake ameuawa, hivyo Nausicaä amefunga maji; bustani itakauka.

Ufundi wa Miyazaki uko hapa. Tukio hilo moja limebeba hoja ya mazingira na hoja ya mwanamke pamoja, bila mhusika kuhubiri. Tunamwamini Nausicaä kwa sababu ameifanya kazi. Upole wa kuzaliwa nao hautajwi kama sifa ya wanawake, na mwandishi anauziba mwanya wa dhana hiyo mara mbili. Baba yake anapouawa, Nausicaä anaua askari kwa hasira, mpaka Yupa anapojitia katikati na upanga wa Nausicaä unamchoma mkono. Tena anayetaka kuuteketeza msitu ni Kushana, mwanamke mwenzake, kamanda wa wavamizi ambaye wadudu walimpokonya mkono. Wote wawili wameumizwa. Aliyechunguza ndiye anayeamua vizuri.

Filamu inalegea mwishoni. Nausicaä anafufuka na utabiri wa kale unatimia, hivyo muujiza unachukua nafasi ya maarifa aliyoyatafuta kwa jasho. Riwaya ya picha, iliyokamilika mwaka 1994, ni jasiri zaidi: anagundua kwamba hata msitu wenyewe uliundwa na watu wa kale, na inambidi aamue juu ya ukweli huo mzito. Hapo ndipo anapokuwa mtu mzima kweli.

Anayewaandikia vijana wetu na aisome kazi hii kwa makini. Ukitaka binti aiokoe dunia, mpe kwanza nafasi ya kuichunguza.