Mchanganyiko Ulioshindwa na Dawa Moja

Sarkoma ya Kaposi, aina ya saratani, si mgeni katika mwambao huu wa Ziwa Viktoria. Ilikuwapo kabla ya Ukimwi kujulikana, na rai ya kuikabili kwa dawa mbili au tatu kwa pamoja ilijaribiwa mapema ng'ambo ya pili, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, ambako madaktari Charles Vogel na Charles Olweny pamoja na wenzao walitoa, mwaka 1973 na 1974, matokeo ya majaribio yaliyogawa wagonjwa kwa kura, kwanza aktinomisini D ikisaidiwa na vinkristini, kisha mbili hizo zikiongezewa ya tatu. Itikadi iliyokita tangu zama hizo ni kwamba dawa zikiwa nyingi, na nguvu huzidi. Nasi wakazi wa mtaa wa Milimani na Kisumu nzima, tuishio katika sehemu ya Kenya iliyoathirika mno na VVU, yatuhusu kujua jinsi itikadi hiyo ilivyotiwa mizanini miaka 40 baadaye.

Jaribio lenyewe, lililochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2020, lilianza Oktoba 2013, likasajili watu 334 wenye VVU na sarkoma iliyokwisha kukomaa, katika vituo 11 vya Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil. Wote walipewa dawa za kufubaza virusi; juu ya hizo, kura ikaamua nani atiwe paklitakseli, nani bleomisini pamoja na vinkristini, na nani ameze etoposidi. Swali halikuwa ipi iliyo bora, maana paklitakseli ilidhaniwa kuwa bora tangu mwanzo, bali kama zile nyepesi kwa mgonjwa na kwa hazina ya hospitali zaweza kuikaribia. Mpaka uliwekwa kabla ya mgonjwa wa kwanza: upungufu usizidi pointi 15 za asilimia katika hesabu ya waliofikia wiki ya 48 wakiwa hai na maradhi hayajasonga mbele, tena si upungufu ulioonekana tu, bali hata ule mkubwa zaidi ambao takwimu zingeuruhusu.

Machi 2016 kamati huru ya uangalizi ilishauri etoposidi iachwe: asilimia 20 kwa 50 za paklitakseli. Machi 2018 mchanganyiko wa bleomisini na vinkristini nao ukafuata, asilimia 44 kwa 64. Hapa msomaji makini hana budi kuuliza imekuwaje paklitakseli ileile ipate 50 huku na 64 kule. Jawabu, ambalo kwangu ndilo tunu ya kazi yote, ni kwamba etoposidi ililinganishwa na wale tu waliopigiwa kura katika muda mmoja nayo, watu 59 kila upande, ilhali mchanganyiko ulilinganishwa na wote, 132 kwa 138. Lau wangechukua ile 64, etoposidi ingeonekana dhaifu zaidi na hoja ingenoga. Lakini si haki kumshindanisha mgonjwa wa mwaka 2014 na wa 2017, ambao hawakuwahi kuwekwa katika kura moja.

Wala mchanganyiko haukuchaguliwa kwa ujinga. Vinkristini hudhuru mishipa ya fahamu, bleomisini hudhuru mapafu, na zote mbili huuhurumia uboho, kwa hiyo kuziunganisha kulikuwa na mantiki safi kwenye karatasi. Hata hivyo madhara yalilingana kwa kadiri katika makundi yote, upungufu wa chembe nyeupe za damu ukiongoza kwa asilimia 15 ya watu 329 walioanza tiba, na faida ikabaki kwa ile dawa moja.

Gharama ya jawabu hilo haigawanyiki sawasawa. Paklitakseli hutiwa mshipani taratibu, baada ya dawa za kuzuia mzio, mbele ya muuguzi aliyefunzwa; na aliyehitaji kidonge kuliko wote ni yule wa kisiwa cha Mfangano, ambaye ili afike kwenye dripu yampasa kuvuka maji hadi Mbita, ndipo ashike njia ya barabara.