Kifundo Kilichovimba Hakipandi El Capitan

Mmeiona filamu ya Free Solo, wengine zaidi ya mara moja, kwa hiyo sitaisimulia. Kila anayeijadili hukimbilia Juni 3, 2017, siku Alex Honnold alipomaliza njia ya Freerider kwenye ukuta wa El Capitan bila kamba kwa saa 3 na dakika 56. Mimi nimekwama kwenye vuli ya 2016, alfajiri ile alipovaa taa kichwani akaanza kupanda ilhali kifundo cha mguu wake hakijapona. Ulikuwa uamuzi mbaya. Kwa kuwa alisalimika, watu wamezoea kuupita haraka, kana kwamba ni kituo kidogo tu katika safari ya ushindi.

Turudi nyuma kidogo. Msimu huohuo alikuwa ameanguka Freeblast, sehemu ya chini ya ukuta, akiwa na kamba, akateguka. Mnaoijua Freeblast mnajua pale hakuna cha kukamata. Mwamba umelala kidogo, graniti imelainishwa na barafu ya kale hadi inang'aa, na kinachokushikilia ni soli ya kiatu tu. Nguvu za vidole, zile alizozijenga miaka yote akining'inia kwenye ubao ndani ya gari lake, hazina kazi. Unashusha kisigino, uzito unahamia kwenye kidole gumba cha mguu, halafu kifundo kinafanya kazi yote: kinahisi kila mtetemo na kuurekebisha kabla akili haijajua. Ligamenti zikivutika, hisi hiyo ndiyo huharibika, nayo huchelewa kurudi. Maumivu yanaweza kupungua, uvimbe ukashuka, na mguu bado ukakudanganya kuhusu mahali ulipo.

Kwa hiyo, kati ya viungo vyote vya mwili wake, kimoja tu kilikuwa kibovu, naye akakipeleka, bila kamba, mahali ambapo hicho kimoja ndicho kila kitu. Utetezi wake naujua: msimu ulikuwa unaisha, baridi inakaribia, wapiga picha wako tayari. Hizo ni sababu za kalenda. Hakuna hata moja inayohusu mguu.

Halafu mnasema, "Lakini aligeuka." Ndiyo, aligeuka, na kugeuka kulihitaji moyo. Ila jambo alilolitambua juu ya mwamba, kwamba hauamini mguu wake, lingeweza kujulikana chini, kwa kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa. Mazoezi yana maana gani kama hayakupi jibu kabla hujaondoka ardhini?

Mlinganisheni na Lynn Hill. Mwaka 1993 alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuipanda The Nose, njia nyingine ya El Capitan, kwa mikono na miguu bila kujivuta kwenye vifaa. Mwaka 1994 akataka kuimaliza ndani ya siku moja. Jaribio la kwanza lilikwama: joto kali, maji yakaisha, chaki ikaisha, na yeye pia alikuwa na wapiga picha. Akarekebisha yaliyomkwamisha, akarudi Septemba kwenye ubaridi, akamaliza kwa saa 23. Kosa lake lilimgharimu kiu na uchovu, kwa sababu alilifanya akiwa kwenye kamba. Kizazi kile kilijua kukosea mahali panaporuhusu. John Bachar naye, aliyepanda bila kamba miaka ya sabini, alijijenga kwa ngazi ya kamba iliyofungwa mtini kwenye kambi ya wapandaji ya Camp 4.

Na kwa kuwa tunazungumzia majeraha, narudi kwenye ugomvi wangu wa siku zote, chakula. Mpandaji akiumia, kitu cha kwanza anachopunguza ni sahani, eti asinenepe wakati hafanyi mazoezi. Ligamenti hujengwa kwa protini na kwa nishati ya kutosha. Ukiunyima mwili, unarefusha jeraha unalolilalamikia. Nimemsikia kocha mmoja akiwaambia vijana waje ukutani na njaa ili wawe wepesi. Wanakuwa wepesi kwa saa moja. Baada ya hapo wanga uliohifadhiwa kwenye misuli unapungua, mikono inajaa na kufa ganzi, na miguu inaanza kuwekwa ovyo. Uji mzito, mayai mawili, ndizi na karanga mfukoni, maji ya kutosha: hiyo ni sehemu ya vifaa, sawa na kamba.

Ya 2017 yalikuwa safi. Kifundo kimepona, kila hatua ya ile sehemu ngumu ya ukuta inayomlazimu kurusha mguu pembeni kama teke imekaririwa akiwa na kamba, kifungua kinywa chake cha kawaida cha shayiri, mbegu na matunda, kisha akaanza saa 11:32 alfajiri na kufika kileleni saa 3:28 asubuhi.

Nawaomba mnaopanda Lukenya na Hell's Gate: mkiitazama tena filamu ile, muisimamishe kwenye alfajiri ya 2016 muwaoneshe wanafunzi wenu. Na mwanafunzi akija Jumamosi anachechemea, mpeni chai na chapati, mumkabidhi kazi ya kushika kamba akiwa ameketi na kufungwa vizuri, msimruhusu kuvaa viatu vya kupandia hadi asimame kwa mguu ule, macho yamefumbwa, bila kuyumba.