Baada ya Mfupa Kuungwa
Daktari wa upasuaji akishaunga paja lililovunjika kwa chuma, wengi huhesabu kazi imekwisha. Mwenye mguu anajua sivyo: goti limekakamaa, misuli imesinyaa, na Kigali ni mji wa vilima. Kufika nyumbani katika mtaa kama Nyamirambo huenda kukadai kushuka ngazi za udongo, na choo cha shimo hudai kuchuchumaa. Hapo ndipo wataalamu wa tiba ya viungo wa hospitali kama CHUK, hospitali ya chuo kikuu ya Kigali, hushika kazi. Hupima pembe ya goti, hulikunja kidogo kidogo, humfundisha mgonjwa kutembea kwa magongo, na huendelea hivyo kwa majuma, mara nyingi miezi. Na si waliovunjika tu: aliyepatwa na kiharusi, wao humgeuza kitandani, humketisha, kisha humsimamisha, uzito wake ukilemea migongo yao.

Wapo wasemao kwamba huku ni kukanda tu, na kwamba mazoezi yanaweza kufanywa nyumbani. Kweli, sehemu kubwa hufanywa nyumbani, na mtaalamu mzuri hulitaka hilo. Lakini kutofautisha maumivu ya msuli unaonyooka na yale yanayoonya kwamba mfupa haujashika ni elimu. Ndiyo maana Taasisi ya Afya ya Kigali, iliyoanzishwa 1996 na kuingizwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda 2013, ilifundisha tiba ya viungo kama taaluma. Anayekatiza tiba maumivu yakipungua huweza kubaki na goti gumu. Na kwa asiyemudu nauli ya kurudi kila juma, wataalamu humpangia mazoezi ya kiti na taulo, wakiyarudia naye mpaka ayafanye bila kuelekezwa.