Kinyago na Mpelelezi: Kuisoma Mzimu wa Watu wa Kale kutoka Uwanda wa Makonde

Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Tangu hapo wahakiki wamemfananisha Bwana Msa na Sherlock Holmes kwa kiko chake na kwa jicho lake la kuona vitu vidogo. Ufananisho huo una ukweli, ila umezoea kuishia kwenye vitabu vya Conan Doyle na kuziacha filamu za Kiingereza zilizotokana navyo. Sehemu hii inadai kuwa filamu moja miongoni mwa hizo, ikisomwa pamoja na mila za Newala na Masasi, inaonyesha nguvu na upungufu wa riwaya ya Abdulla.

Filamu hiyo ni The Hound of the Baskervilles, iliyoongozwa na Terence Fisher mwaka 1959. Katika riwaya ya mwaka 1902, mbwa anayedhaniwa kuwa wa kuzimu ni mbwa wa kawaida aliyepakwa fosforasi. Fisher aliiacha fosforasi. Mbwa wake amevishwa kinyago. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini linafafanua kiini cha kazi zote mbili: hofu ya watu ina sura iliyotengenezwa, na nyuma ya sura hiyo yumo mtu mwenye nia. Abdulla naye anajenga fumbo lake hivyo. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni. Wengi wanawataja wazee wa kale, Bwana Msa anamtafuta mwanadamu.

Kwa msomaji wa Newala, kinyago kilichovaliwa ili kutisha si jambo geni. Katika mila ya Wamakonde, lipiko huchezwa na mtu aliyejifunika nguo mwili mzima, naye husemwa kuwa ni mzuka wa marehemu. Kijana hufunuliwa jandoni kwamba ndani yumo mtu. Hata hivyo, ufunuo huo hauivunji ngoma. Aliyejua hupewa dhamana ya kuitunza siri, na ngoma huendelea kuchezwa.

Hapa ndipo upungufu wa riwaya unapojitokeza. Ulimwengu wa Bwana Msa una watu wa aina mbili tu: wanaoamini kwa kutojua, na anayejua na kwa hiyo haamini. Mapiko yanaonyesha aina ya tatu, yaani wanaojua na bado wanaheshimu. Historia ya Masasi inaunga mkono hoja hii. Wamisionari wa UMCA walifika huko mwaka 1876. Baadaye Askofu Vincent Lucas hakulifuta jando, bali aliliweka chini ya uangalizi wa Kanisa. Hata mgeni aliyekuja kubadili imani alitambua kuwa siri ya jamii ina kazi isiyomalizwa kwa kuitangaza kuwa uongo.

Hata hivyo, haitoshi kuitetea siri. Lipiko humtisha mwali ili kumkuza. Muuaji wa Bwana Ali anafaidika na hofu ya mzimu ili asitafutwe. Vazi linafanana, makusudi yanapingana. Jamii inayotunza siri huhitaji kipimo cha kuutambua wakati ambapo kunyamaza kumegeuka kuwa kumficha mhalifu, na kipimo hicho mila peke yake haikitoi kwa urahisi. Riwaya inakitoa: palipo na maiti, heshima ya mahali haizuii kuuliza.

Kwa hiyo, kuiita kazi hii nakala ya Holmes ni kuipunja. Holmes anamwondolea mrithi mmoja laana ya ukoo wake. Bwana Msa anaingia mahali ambapo jamii nzima imekubaliana kutouliza, na anauliza. Thamani ya riwaya imo katika swali hilo, hata kama mwandishi hakuwapa nafasi wale wanaojua na kunyamaza.