Sarafu Shingoni: Fani Imebaki, Maudhui Yamekwenda Wapi?

Utangulizi

Wanafunzi wetu wa fasihi wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Ni nadra kuambiwa wahakiki kidani. Hata hivyo, mtindo wa kugeuza sarafu za kale kuwa mapambo ya kisasa umeenea. Senti za zamani zenye tundu zimekuwa herini, riale zimekuwa vidani, na pete zenye sarafu juu yake huonekana kwa masonara na katika vibanda vya kazi za mikono. Katika makala haya tunadai kwamba pambo la namna hii ni kazi ya sanaa inayostahili kuhakikiwa kwa vigezo vilevile vya fani na maudhui tunavyovifundisha darasani. Sababu yetu ni nyepesi: sarafu ni matini. Ina maneno, ina picha, ina mtoaji na ina hadhira. Anayeigeuza kuwa pambo anaihariri matini hiyo, apende asipende, na mhariri anaweza kuiokoa matini au kuiua.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuipingi desturi yenyewe. Pesa na pambo ni ndugu wa siku nyingi, na lugha inashuhudia. Katika Kiswahili, fedha ni madini na fedha ni pesa. Hapa Buganda, neno ensimbi, yaani pesa, limetokana na simbi, zile kauri zilizotobolewa na kutungwa mia mia kwenye uzi, zikatumika sokoni na zikapamba pia vitu vya heshima. Kwa hiyo anayetunga sarafu shingoni leo hajavunja mwiko wowote. Swali letu ni jingine: je, baada ya kazi ya sonara, sarafu bado inasema, au imebaki kung'aa tu?

Sarafu kama matini

Tuanze na Kilwa. Watawala wa Kilwa walitoa sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba, ndogo, zenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Upande mmoja una jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hasan. Upande wa pili unaeleza kwamba mtawala huyo anamtumainia Mola, na hapo Mola anatajwa kwa sifa moja. Mwalimu wa ushairi atafurahi kusikia kwamba sifa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ilichaguliwa ili mwisho wake ufanye kina na mwisho wa jina lililo upande wa kwanza. Mtawala mwingine wa ukoo mwingine alihitaji sifa nyingine, kwa kuwa jina lake lilidai kina kingine. Kwa maneno mengine, sarafu ya Kilwa ni beti fupi ya mishororo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Aliyetaka kulisikia shairi zima alilazimika kuigeuza mkononi.

Tukishuka hadi Unguja ya karne ya 19, tunamkuta Sultani Barghash bin Said akitoa pesa za shaba za mwaka 1299 wa Hijria, sawa na mwaka 1882 hivi. Upande mmoja una jina lake. Upande wa pili una picha ya mizani. Kilwa ilitupa kina na Unguja ikatupa mizani. Bila shaka mizani ya Barghash ni ya sokoni, si ya kuhesabia silabi, lakini picha ile inasema jambo zito: kwamba pesa ni ahadi ya uadilifu kati ya muuzaji na mnunuzi.

Watumiaji wa sarafu nao hawakuwa vipofu. Kamusi na vitabu vya lugha vya karne ya 19 vimetuhifadhia majina ambayo Waswahili walizipa sarafu za kigeni. Riale ya Kihispania yenye nguzo mbili iliitwa riale ya mzinga, kwa sababu nguzo zile machoni pa watu wa pwani zilifanana na mizinga. Ile ya Maria Theresa wa Austria iliitwa riale ya Shamu. Huu ni uhakiki wa picha uliofanywa na wachuuzi na manahodha, tena kwa lugha yao. Hawakungoja kuelezwa nguzo zile zilimaanisha nini huko Hispania.

Sonara kama mhariri

Sasa tumtazame sonara. Kazi yake ina njia chache zinazojulikana: kutoboa, kulehemu kikonyo, kuizungushia sarafu ukingo wa madini mengine, kuilaza juu ya pete, au kuiyeyusha kabisa. Kila njia ina gharama yake kwa matini.

Riale ya Maria Theresa ni mfano mzuri. Ina tarehe ya 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini iliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ileile muda mrefu baadaye, Vienna na kwingineko, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Arabuni waliiamini. Ina uzito wa takriban gramu 28. Wapokeaji makini waliikagua picha yake, hasa kishikizo cha malkia chenye lulu tisa, kabla ya kuikubali. Tena ina upande wa tatu unaosahaulika: ukingoni mwake yameandikwa maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na rehema. Maandishi yale yalikuwa na kazi: mtu akiikwangua sarafu ili aibe fedha kidogo, wizi ungeonekana.

Sonara akiizungushia riale ukingo mpana wa fedha, pambo hutoka limetulia na kupendeza, ila haki na rehema zimezikwa ndani. Sonara akitumia kikonyo chembamba na kuiacha riale ining'inie huru, mvaaji anaweza kuigeuza na kuisoma pande zote tatu. Mapambo hayo mawili yametumia sarafu ileile, na huenda bei yake ni moja. La kwanza limechukua fani na kuacha maudhui. La pili limevibeba vyote viwili. Hapa ndipo mhakiki anapopata kazi yake.

Mfano wa pili tunao hapa kwetu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilitoa senti tano na senti kumi zenye tundu katikati, na upande mmoja tundu hilo limezungukwa na pembe za ndovu. Senti hizi ni malighafi bora ya pambo, kwa sababu tundu zimetoka nalo kiwandani. Hazihitaji kutobolewa tena. Uzi tu unatosha, na maandishi yote yanabaki. Ndiyo maana tunasikitika kuona zikipakwa rangi ya dhahabu nzito hadi herufi zinajaa. Anayepaka rangi hajui alichokifunika. Miongoni mwa senti hizo zimo za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti mwezi Desemba mwaka huohuo kabla hata Uingereza haijatoa sarafu zake za matumizi ya kawaida. Kwa kuwa senti za Afrika Mashariki zilikuwa na jina na taji bila sura, zilitoka mapema. Kwa hiyo mwanamke wa Kampala anaweza kuwa amevaa sikioni jambo ambalo Mwingereza hakuwahi kulishika mfukoni. Rangi ya dhahabu imemnyima hadithi hiyo.

Mahali ilipookotwa

Hadi hapa tumezungumzia sarafu zilizopigwa kwa wingi. Senti za mwaka 1936 na riale za Maria Theresa zimebaki nyingi, na moja ikitobolewa vibaya hasara yake inavumilika. Sarafu za Kilwa na Pemba ni habari tofauti kabisa, na hapa lazima tuseme kwa msimamo.

Sarafu za shaba za Kilwa kwa kawaida hazina tarehe wala jina la mji. Ina maana kwamba ushahidi wake mkubwa ni mahali zilipolala ardhini na vitu vilivyolala pamoja nazo. Kwa muda mrefu wataalamu walimweka Ali bin al-Hasan katika karne ya 12 au ya 13. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wanaakiolojia walifukua hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na jina hilo la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje, zikiwemo za Wafatimi. Dinari zilikuwa na tarehe. Sarafu za fedha hazikuwa nazo. Kwa kuwa zilikutwa pamoja, dinari zikazitolea ushahidi jirani zake, na mtawala yule akarudishwa nyuma hadi karne ya 11.

Hebu msomaji afikirie kama hazina ile ingeangukia kwanza mikononi mwa mfanyabiashara wa mapambo. Dinari za dhahabu zingeuzwa siku ya kwanza zikawa vidani vya maharusi, kwa sababu dhahabu ina wateja. Zile za fedha zingeyeyushwa au kutawanywa moja moja. Hakuna kipande hata kimoja ambacho kingepotea kwa maana ya kawaida, kwani vyote vingekuwa vimevaliwa vizuri mahali fulani. Lakini historia ya karne nzima ya pwani ingekuwa imetoweka. Sarafu iliyotengwa na wenzake ni kama mstari uliokatwa kutoka katika utenzi: unaweza kupendeza ukutani, ila hauwezi tena kutuambia kisa.

Sheria inalitambua jambo hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 iliviweka chini ya ulinzi vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara nayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Kwa hiyo anayeletewa sarafu ya Kilwa ili aiweke juu ya pete asijiulize tu kama itapendeza. Ajiulize imetoka wapi na nani aliifukua. Na hata ikiwa njia yake ni safi, akiilehemu juu ya pete ameuziba mshororo wa pili milele. Amempa mvaaji jina la mfalme bila Mola aliyetumainiwa, na kina bila kituo.

Hoja ya mvaaji

Kuna hoja ambayo wanafunzi wetu huitoa, nayo ina uzito. Wanasema pambo ni la mvaaji, si la mhakiki. Bibi zetu wa pwani na wa Omani walivaa riale vifuani bila kusoma Kilatini, na hakuna aliyewalaumu. Ni kweli. Lakini bibi yule alijua kitu ambacho mnunuzi wa leo mara nyingi hajui. Alijua riale ile inanunua nini. Mapambo yake yalikuwa urembo na akiba pia, na siku ya shida yangeweza kupimwa uzito na kuuzwa. Maudhui ya sarafu kwake yalikuwa thamani, nayo yalikuwa hai shingoni pake. Thamani hiyo ilipokufa sokoni, yalibaki maudhui ya kusomwa. Tukiyafuta na haya, hatumwigi bibi. Tunaiga kivuli chake.

Wala si lazima uzuri ugombane na usomaji. Kampuni ya mapambo ya Bulgari ya Roma, tangu miaka ya 1960, imekuwa ikitengeneza mapambo iliyoyaita Monete, yenye sarafu za Kigiriki na Kirumi. Nyuma ya fremu huchongwa maelezo ya sarafu: aina yake, mtawala wake, wakati wake. Tunaweza kuwa na maswali mengi juu ya tajiri kuvaa mambo ya kale, na swali la mahali zilipookotwa linawahusu wao pia. Lakini kitendo cha kuchonga maelezo ni kitendo cha mhariri mwaminifu anayeandika tanbihi. Hakihitaji dhahabu. Sonara wa Kampala anaweza kuchonga maneno matatu nyuma ya kikonyo cha shaba: Senti kumi, 1936. Kwa sarafu za Kilwa, njia ya heshima ni nakala, nayo iandikwe waziwazi kwamba ni nakala, igeuke pande zote mbili, na kina kisikike.

Hitimisho

Tunapendekeza walimu wenzetu wajaribu somo moja. Leteni darasani pambo lenye sarafu, au picha yake, na waulizeni wanafunzi maswali matatu: Matini hii inasema nini? Fundi ameacha nini kisomeke na ameficha nini? Imetoka wapi? Majibu yatawafikisha kwenye vina, mizani, ukopaji wa maneno na historia ya pwani. Hapo waongezeeni neno hela, ambalo lilitokana na sarafu ya Wajerumani waliotawala Tanganyika. Sarafu yenyewe ilikwisha kazi zamani, lakini neno linavaliwa kila siku midomoni na mamilioni ya watu. Lugha iliitoa sarafu sokoni ikaifanya yake bila kuifuta. Hicho ndicho kipimo tunachompa sonara.