Kiambishi -ka- na Kasoro ya Hoja: Mfano wa Bariadi

"Jioni ajuza alipita uani, usiku mtoto akashikwa na homa, kulipokucha akafa." Habari ya namna hii haina kosa la sarufi, wala msimulizi wake hawezi kuitwa mwongo, kwani kila jambo alilolitaja huenda lilitokea. Walakini katika Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka wa 2012, na katika pande nyingine za Usukuma, masimulizi ya umbo hili yamewapeleka vikongwe kaburini.

Yafaa kutazama jinsi yanavyofanya kazi. Katika "alikwenda sokoni akanunua chumvi", kiambishi -ka- chaonyesha mfuatano tu. Katika "alianguka akavunjika mguu", chaonyesha pia tokeo la jambo la kwanza. Lugha haimlazimishi msemaji kuchagua baina ya maana hizi mbili. Basi katika habari ya ajuza hapana mahali paliposemwa kwamba yeye ndiye aliyeua. Aliyeunga ni msikilizaji, na kwa kuwa kiungo amekitia mwenyewe, hakioni wala hakidai ushahidi. Msimulizi angalisema "alimwua", angaliulizwa mara moja: kwa njia gani? Mfiwa, kwa kweli, hahoji sarufi. Lakini wanaomsikiliza wapaswa.

Hoja ya macho mekundu imesikika zaidi, ingawa ni dhaifu kuliko hiyo. Husemwa: wachawi wana macho mekundu; huyu ana macho mekundu; basi huyu ni mchawi. Hata msingi wa kwanza ukikubaliwa, natija haifuati, kama vile mbuzi hawi ng'ombe kwa kuwa na pembe. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni, kwa miti ya pamba na kwa samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, ana sababu ya kutosha ya wekundu huo. Kosa hili mwanafunzi hulikamata upesi. Lile la -ka- humponyoka hata mwalimu wake.

Huko Marekani wanaotaka kusomea sheria hufanya mtihani ulioanza mwaka wa 1948, ambao siku hizi huwataka waonyeshe kasoro za hoja fupi. Na kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha ni mojawapo ya kasoro zinazotegwa humo. Mtu akiyatafsiri maswali kama hayo neno kwa neno, atajaza "kwa hiyo" kila mahali, na kiungo kikiisha kutajwa, mtego umeteguka. Kiswahili cha watu hukificha kiungo ndani ya kitenzi.

Mwaka wa 1951 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Eria Galikuwa kutoka Uganda, ilikataa kwamba imani ya uchawi peke yake yaweza kuhesabiwa kuwa kughadhibishwa kisheria. Hukumu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka wa 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na ushahidi wa Simiyu waandikwa pamoja na -ka- zake zote. Wakili hana budi kumwuliza shahidi: hiyo "akafa" ni "kisha alikufa", au ni "kwa hiyo alikufa"? Akijibu la kwanza, hana neno juu ya ajuza. Akijibu la pili, ndipo atakapodaiwa kuonyesha njia.